Mbele ya kupaka rangi mpya, tuandike kilichokuwako

Leo siandiki juu ya bei ya shaba wala juu ya vumbi la barabara. Ninaandika juu ya gari moja la zamani lililolala chini ya mwembe, katika ua wa garaji moja ya komini ya Manika, hapa Kolwezi. Mtaona wenyewe kwa nini jambo hili linatuhusu hata sisi ambao hatuna gari, na zaidi wale waliotolewa kwenye nyumba zao.

Gari lenyewe ni Karmann Ghia. Vijana wengi hawalijui. Ni gari dogo la milango miwili, la chini, la sura ya kimichezo, lenye mgongo ulioteremka vizuri hadi nyuma. Ndani yake kuna mashine ya Volkswagen Coccinelle, ile ya mgongo wa kobe ambayo wazee wetu wote wanaijua. Kampuni ya Ghia ya Turino, Italia, ilichora umbo lake, na kampuni ya Karmann ya Osnabrück, Ujerumani, ikaliunda kwa ajili ya Volkswagen kuanzia mwaka 1955 hadi 1974. Kwa sura lilikuwa gari la mbio. Kwa mwendo lilikuwa Coccinelle aliyevaa suti.

Hili la Manika liliachwa na injinia mmoja Mbelgiji. Aliondoka mwezi wa tano mwaka 1978, wakati wa ile tunayoiita vita vya siku sita. Mbele ya kupanda ndege alimwachia ufunguo fundi mmoja wa Gécamines, pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono na kutia sahihi. Fundi huyo alilitumia miaka mingi. Mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines walipoondoka kazini kwa ile operesheni ya départs volontaires, naye aliondoka, na feza ya mafuta ikakosekana. Gari likaegeshwa. Alipokufa, likabaki kwa mtoto wake. Kisha mgodi ukasogea karibu na mtaa wao, familia ikahamishwa, na gari likavutwa kwa kamba hadi Manika, kwa mzee mmoja mwenye garaji, rafiki wa marehemu. Katika kuhama kule, sanduku la vyuma vidogo vya gari lilipotea.

Nilifika pale kwa kazi nyingine. Nilikuta ubishi. Kijana mwenye gari anataka kulifanya gari la ndoa. Anajua, kama wote tunavyojua, kwamba kila siku ya sita hapa Kolwezi kuna misafara ya ndoa, na gari zuri lenye maharusi ndani hulipwa vizuri. Kwa hiyo anataka kulipaka rangi nyeupe ya kung'aa, kung'oa bampa za zamani na kuziuza kwa watu wa mitraye, kutia taa mpya za Kichina, na kuvisha viti ngozi ya plastiki nyekundu.

Mzee wa garaji alikuwa amesimama mbele ya bampa, mikono nyuma.

"Mutoto, ile usiguse. Ni ya origine."

Kijana akamjibu kwa heshima, lakini kwa uchovu: "Papa, batu ba ndoa habaulize mwaka ya motoka. Banauliza kama inang'aa."

"Rangi unaweza kupaka hata kesho," mzee akasema. "Ile ya zamani, ukishaitosha, haitarudia."

Nimekuwa nikiwaza maneno hayo kwa wiki tatu. Leo nasema wazi upande wangu: ninamuunga mkono mzee. Lakini si kwa sababu zote ambazo matajiri wa Ulaya wangetoa.

Kwanza tuelewane juu ya neno orijine. Kwenye maduka yetu ya vipuri, orijine maana yake ni kitu kigumu kisichoharibika upesi, na kinyume chake ni cha kuiga. Kwa watu wa magari ya zamani neno hilo lina maana nyingine. Kitu cha orijine ni kile kilichotoka na gari hili kiwandani, mwaka ule, kwa namna ile. Kinaweza kuwa kibaya kuliko cha leo. Kinaweza kuwa kimepinda na kuingia kutu. Thamani yake ni kwamba kilikuwako tangu mwanzo.

Mzee alinizungusha kwenye gari kama mwalimu. Mbele, Karmann Ghia haina wavu mkubwa wa kupitisha hewa, kwa sababu injini iko nyuma. Ina matundu mawili kama ya pua, yenye pindo la chuma cha kumeta. Magari ya kwanza, hadi mwaka 1959, yalikuwa na matundu madogo na taa za mbele zilizokaa chini. Kisha kiwanda kikapandisha taa juu na kupanua yale matundu. Kwa hiyo ukiangalia pua tu, unajua gari ni la mbele au la nyuma ya mabadiliko hayo. Nyuma ni vilevile: mwanzoni mwa miaka ya 1970 taa za nyuma zikawa kubwa zaidi, na bampa zikabadilika, zikawa nene zenye pembe. Gari la miaka ya 1960 lenye bampa nene za 1972 ni kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Linamsitiri, lakini jirani anajua.

Pua yenyewe haikutoka kwenye mashine kwa pigo moja. Ni vipande kadhaa vya chuma vilivyounganishwa kwa moto, kisha mafundi wa Osnabrück wakajaza maungio kwa madini laini yaliyoyeyushwa na kuyasawazisha kwa tupa, kwa mkono. Ukipitisha kidole huoni mshono. Ndiyo sababu pua iliyogongwa ni vigumu kurudishwa, na ndiyo sababu fundi wa kubandika mastiki hovyo anaweza kuharibu kwa saa moja kazi ya siku nzima ya watu waliokwisha kufa.

Kisha akainua kiti cha nyuma. Chini, juu ya mgongo wa chesisi, namba imepigwa kwenye chuma. Injini nayo ina namba yake, karibu na pale dinamo inapokaa. Kwenye pembe ya vioo kuna alama ndogo ya kiwanda cha kioo. Mzee alinionyesha pia mahali ambapo mambo hayakuwa ya orijine, na hakuficha: kabureta imetoka kwenye Coccinelle nyingine, taa mbili za kuonyesha kona ni za pikipiki ya TVS, na kufuli la mlango wa kushoto alilichonga yeye mwenyewe kutoka kwenye kipande cha reli. "Ile ni yangu," akasema, akacheka.

Mtu atauliza: vitu vidogo kama hivi vina faida gani? Tuangalie kidogo nje. Jaguar E-Type ya mwaka 1961 ni gari la michezo la Kiingereza linalojulikana duniani kote. Yale takriban mia tano ya kwanza yalikuwa na makomeo ya boneti upande wa nje, ya kufungua kwa kifaa cha mkono. Baadaye kiwanda kikayahamishia ndani. Ni komeo tu, lakini leo wanunuzi hulitafuta kwa macho mbele ya kuuliza kama injini inawaka. Marekani kuna chama cha wapenda Corvette, NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974. Waamuzi wake hukagua namba na tarehe zilizopigwa kwenye vipuri, vifungo vya mipira ya maji, hata alama ambazo wafanyakazi wa kiwanda walichora wakati wa kuunganisha. Jambo la kushangaza ni hili: ukilipaka gari rangi nzuri kuliko ile ya kiwandani, wanakukata pointi. Hawatafuti gari zuri zaidi. Wanatafuta gari la kweli.

Na feza ipo. Mwezi wa nane mwaka 2018, kule Monterey, California, Ferrari moja ya aina ya 250 GTO iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 48. Magari ya aina ile hayafiki arobaini duniani, na kila moja historia yake inajulikana: nani aliendesha, liligongwa wapi, kipande gani kilibadilishwa mwaka gani. Karmann Ghia ya Manika haitafika hata karibu na bei hiyo, na mtu akimwambia kijana wetu vingine, anamdanganya. Magari ya aina hiyo yaliundwa zaidi ya laki nne. Lakini kanuni ni moja kwa gari kubwa na gari dogo. Mnunuzi anayejua anatoa feza kwa ajili ya kile ambacho hakiwezi kutengenezwa tena.

Sasa nimtendee haki kijana. Yeye si mjinga. Ana mama mgonjwa na wadogo wawili shuleni. Maharusi wanalipa Jumamosi hii. Mnunuzi anayejua magari ya zamani anaweza asifike Kolwezi kwa miaka kumi. Na kuna jambo la pili analosema ambalo nalikubali: hapa kwetu gari halikuishi kwa kuhifadhiwa. Liliishi kwa kutengenezwa. Kama baba yake angengoja kipuri cha Ujerumani kila mara, gari lingekufa mwaka 1980. Kufuli la kipande cha reli ndilo lililofunga mlango miaka ishirini. Je, tulitupe kwa sababu halikutoka Osnabrück?

Kwa swali hilo nataka kuwapeleka mashariki, Kenya, kwenye mbio za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka 1953. Mwaka 1971 zilishindwa na Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, likiendeshwa na Edgar Herrmann aliyekuwa akiishi Kenya. Mwaka 1973 aina hiyo hiyo ilishinda tena, safari hii usukani ukiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Ninaomba ndugu zetu waliohamishwa wamsikie mtu huyu. Alizaliwa Kampala, Uganda, mwaka 1945, katika familia ya asili ya Kihindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na familia ya Mehta ikapoteza makao yake kama wengine wote. Wakahamia Kenya. Mwaka uliofuata tu alishinda Safari, akiwa amelingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Uswidi, na waamuzi wakampa ushindi Mehta. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Nauliza: Datsun ya Safari, orijine yake ni ipi? Ilipotoka kiwandani Japani haikuwa na matope wala mikwaruzo. Kwa ajili ya Safari iliongezewa taa za ziada, kinga za chuma na ulinzi chini ya injini, kisha barabara za Afrika Mashariki zikaipiga hadi ikapinda. Mtu akiichukua gari iliyoshinda na kuirudisha iwe kama ya dukani, amefuta ushindi wenyewe. Tangu mwaka 2003 kuna mbio za Safari Classic za magari ya zamani kule Kenya, na watazamaji hawaendi kuona gari lisilo na mkwaruzo. Wanaenda kuona gari linalofanana na kile walichokiona wakiwa watoto kando ya barabara. Lakini Nairobi hiyohiyo ina pia mashindano ya Concours d'Elegance, kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, ambapo waamuzi huangalia injini, viti na hata chini ya gari kwa makini. Kwa hiyo Afrika inajua njia zote mbili. Tusiambiwe kwamba ni mambo ya Wazungu.

Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Uorijine si kulirudisha gari siku ya kwanza kwa lazima. Ni kutolidanganya. Bampa ya kiwandani ibaki na iitwe ya kiwandani. Kufuli la reli libaki na liitwe la mzee wa Manika. Ubaya unaanza pale tunapong'oa bila kuandika, tunapofunika kwa mastiki, na tunapomwambia mnunuzi kwamba yote ni orijine. Namba ya chesisi iliyosuguliwa na kupigwa upya ni uongo uliochongwa kwenye chuma, na katika nchi nyingi ni kosa la kisheria.

Na kuna vitu ambavyo havistahili huruma. Breki si urembo. Mipira ya breki ya miaka hamsini, tairi zilizopasuka na nyaya zilizochubuka zibadilishwe bila kungoja. Ukiziweka maharusi ndani ya gari lenye tairi za mwaka 1978 kwa sababu ni za orijine, wewe si mpenda magari, wewe ni hatari. Vitu vya zamani vya namna hiyo vioshwe, viandikwe, viwekwe ndani ya sanduku. Lakini bampa, pindo za taa, mikanda ya kumeta ubavuni, kitambaa cha viti, saa ya dashibodi, rangi yenyewe hata ikiwa imefifia: hivyo havimdhuru mtu. Na msafara wa ndoa hauhitaji rangi mpya. Gari la maharusi hupambwa kwa utepe na maua, na utepe hutoka kesho yake.

Sasa nifike kwenye lile linalonikereketa zaidi. Mzee alikwangua kidogo sehemu ya nyuma ya bampa, pale ambapo kutu ilikuwa imeanza. Chini ya kumeta kwa kromu kulikuwa na rangi nyekundu ninayoijua tangu utoto. Ilikuwa shaba. Chuma cha kumeta cha magari ya zamani kwa kawaida kilipakwa tabaka tatu: shaba kwanza, kisha nikeli, kisha kromu nyembamba juu. Shaba ndiyo inayoshika na kulainisha, kromu ndiyo inayosifiwa. Redieta za magari mengi ya zamani zilikuwa za shaba pia, na nyaya zote ni shaba. Hata kobalti ilikuwako zamani, mbele ya betri za magari ya umeme: aloi ya kobalti iitwayo Stellite ilitumika kwenye vali za injini zilizofanya kazi kwenye moto mkali. Na katika miaka ile Union Minière ilikuwa kati ya makampuni makubwa ya shaba duniani, na Katanga ndiyo iliyoongoza kwa kobalti. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi hiyo.

Siwezi kusema kwamba shaba ya bampa hii ilitoka Musonoi. Hakuna awezaye kusema, na hilo ndilo jambo lenyewe. Wataalamu wa magari wanaweza kukuambia komeo la boneti lilitengenezwa mwaka gani. Jumba la makumbusho la Volkswagen pale Wolfsburg hutoa kitu kinachoitwa cheti cha kuzaliwa cha gari: ukiwatumia namba ya chesisi na malipo, watakuandikia siku gari lilipotoka kiwandani, rangi yake, kitambaa cha viti, na lilipelekwa wapi. Gari la mwaka 1965 lina cheti cha kuzaliwa. Wangapi kati ya watoto wetu waliozaliwa kwenye mitaa iliyobomolewa wanacho?

Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya wakaaji waliohamishwa kwa nguvu kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti katika eneo letu. Wengi wenu hamkuhitaji kuisoma, mliiishi. Nimezungumza na familia nyingi kwa miaka hii, na malalamiko yanafanana. Watu wa kupima walikuja, wakahesabu vyumba, wakaandika idadi, wakaondoka. Mlango wa mbao ngumu uliotiwa na babu uliandikwa mlango. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa miaka thelathini iliandikwa sakafu. Mwembe, mparachichi na kisima vilipatanishwa kwa maneno. Na familia ilipopinga, iliulizwa swali moja: ushahidi uko wapi? Nyumba ilikuwa imekwisha kuanguka.

Ndiyo maana ninasema somo la Karmann Ghia ni letu. Wale wanunuzi wa mbali hawana macho makali kuliko yetu. Wana tabia ya kuandika. Kitu kisichoandikwa huuzwa kwa bei ya mitraye, kiwe bampa, kiwe nyumba.

Kwa hiyo, kwa wenye magari ya zamani, na najua bado yako Likasi, Lubumbashi na hata vijijini kando ya reli: mbele ya kung'oa chochote, piga picha za pande zote nne, ndani, na chini ya boneti. Nakili namba ya chesisi na ya injini. Kila kipande kinachotoka kifungwe kwa karatasi yenye jina lake na mahali kilipokuwa. Tunza karatasi ya mauzo, hata ikiwa ni ya mkono.

Kwa familia ambazo bado ziko kwenye mitaa inayokaribiwa na migodi, fanyeni vilevile kwa nyumba. Chumba kwa chumba: milango, madirisha, aina ya bati, sakafu, nyaya za umeme, bomba, kila mti na umri wake. Picha ziwe na mtu wa familia ndani yake. Orodha isainiwe na chef wa mtaa na majirani wawili. Fanyeni nakala tatu, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine au parokiani. Haitazuia mashine kuja. Lakini siku ya kuketi mezani, mtakuwa na cheti chenu.

Na kwa wale waliokwisha kuhama: haijachelewa kuandika kwa kumbukumbu, mkiwa pamoja, wakati wazee bado wako.

Mtataka kujua gari liliishia wapi. Niliposimulia habari hii redioni, mama mmoja alipiga simu. Alikuwa jirani wa familia ile kwenye mtaa wa zamani. Alisema wakati wa kuhama aliokota sanduku lililoachwa kando ya njia, na ndani mlikuwa na vyuma vya kumeta ambavyo hakujua ni vya nini. Vingi vilikwisha kuuzwa. Kimoja, kirefu, chembamba, alikipenda, na tangu siku ile kinashikilia pazia la chumba chake.

Tulikwenda na kijana na mzee. Mzee alikitambua kutoka mlangoni: mkanda wa ubavu wa kulia. Mama alitaka kukitoa bure. Kijana alikataa, akaenda sokoni, akarudi na fimbo mpya ya pazia, akaitundika mwenyewe mbele ya kuchukua chake.

Juu ya rangi nyeupe hajaamua bado. Anasema atafanya ndoa mbili za kwanza na rangi ya zamani iliyooshwa vizuri, aone kama watu watalipa. Kama hawatalipa, atapaka. Ni gari lake, na mama yake ndiye mgonjwa, si mimi. Ila bampa hazikwenda kwa watu wa mitraye, na kwenye daftari la shule la mdogo wake sasa kuna kurasa sita, kila kipande na mstari wake. Mstari mmoja unasema: kufuli la mlango wa kushoto, si la kiwanda, limetengenezwa Kolwezi.

Bakieni salama.